Jinsi ya Kusoma Hesabu za Kriketi

Hesabu za kriketi huwatatiza wengi, kumbe ufunguo wake ni mdogo. Wapigaji wawili wakipishana mbio hadi upande wa pili, timu hupata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka kwa kubingirika ni mikimbio 4; ukivuka hewani ni 6. Kila mpigaji anayetolewa ni wiketi moja. Timu ina watu 11. Wakitolewa 10, aliyebaki hana mwenzake, na zamu imekwisha.

Basi katika Kombe la Dunia, mjini Nairobi, Februari 24, 2003, Kenya ilipata 210 kwa 9: mikimbio 210, wiketi 9. Sri Lanka, bingwa wa 1996, ikatolewa yote kwa 157. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53! Ushindi kama huo usimpite mwanao kwa kutojua kusoma tarakimu.