Chumvi, Maji na Mizani

Katika mtaa wetu hapa Songea yupo mama mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, aliyenuia kupunguza unene. Akaacha chumvi, akapunguza ugali, na kila siku akaenda dukani kupanda mizani ya kupimia magunia ya mahindi. Siku ya nne mizani ilionyesha kuwa amepungua kilo 2, na nyumba nzima ikafurahi. Kisha ikaja karamu ya harusi. Akala pilau, papa wa chumvi na achari. Baada ya siku mbili kilo zile zilikuwa zimerudi zote. Mama wa watu akalia, akasema mwili wake haukubali dawa wala mashauri, na papo hapo akatokea mtu wa kumuuzia vidonge vya kukojoza.

Sisi si matabibu. Tu walimu wa chuo. Lakini jambo hili tumeliuliza kwa wenye ujuzi na kulisomea, nasi twaona yatupasa kulieleza, kwani wengi wamo katika kosa lile lile.

Chumvi tuitiayo chunguni ina sodiamu ndani yake, na sodiamu ndiyo iyashikayo maji mwilini. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili kwa kipimo: chumvi ikizidi katika damu, mtu huona kiu, naye hunywa; mafigo nayo huyazuia maji yasitoke upesi, mpaka kipimo kikae sawa. Kila lita moja ya maji yaliyomo katika damu na kandokando ya nyama za mwili hukaa na chumvi kiasi cha gramu 9. Basi abakizaye mwilini gramu 9 za chumvi hubakiza na lita moja ya maji, na lita moja ya maji ni kilo moja katika mizani. Apunguzapo chumvi, mafigo huitoa ile iliyozidi kwa muda wa siku chache, na maji huifuata.

Ama mafuta ya mwili ni jambo jingine kabisa. Kilo moja ya mafuta hayo ni akiba ya kalori 7,700 hivi, na mtu mzima wa kawaida hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Maana yake, hata asitie kitu kinywani kutwa kucha, hamalizi theluthi moja ya kilo. Kwa hivyo katika kilo 2 za jirani yetu, sehemu kubwa ilikuwa maji: mengine yaliondoka na chumvi, na mengine yaliondoka na akiba ya wanga, ambayo nayo hukaa pamoja na maji. Na kilo zilizorudi baada ya karamu zilikuwa hasa maji yale yale. Yale mafuta machache aliyokwisha kuyapunguza hayakurudi yote kwa sahani moja ya pilau. Kadhalika mwenye kufunga akijipima magharibi kabla ya kufuturu, asidhani amekonda. Amepungukiwa na maji ya mchana, nayo atayarudisha usiku.

Je, tuseme basi kuwa chumvi haina neno? Hasha. Mwaka 1990 ulitolewa uchunguzi uliofanywa kwa Wajaluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kukaa Nairobi. Walipolinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani, wahamiaji walionekana kupanda shinikizo la damu mapema baada ya kuhama; na mkojo wao ulionyesha kuwa sodiamu imezidi, na potasiamu, ambayo hupatikana katika ndizi, maharage na mboga za majani, imepungua. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni maisha na chakula.

Nasi Songea hatuko mbali na hayo. Usipa wa Ziwa Nyasa aghalabu hukaushwa kwa jua tu, lakini papa na ng'onda watokao pwani hulazwa katika chumvi. Magadi tutiayo katika maharage na mlenda nayo ni sodiamu, ijapokuwa hayana ladha ya chumvi. Tuongeze vile vidonge vya mchuzi vya dukani, na mkate, na chumvi inyunyizwayo mezani kabla hata mtu hajaonja. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichorundikwa; na katika hesabu hiyo huingia vyote hivyo.

Wala asitokee mtu akaiacha chumvi kabisa. Mwili wauhitaji kiasi chake, na chumvi ya dukani hutiwa madini joto, ambayo yamekinga watu wengi wa nyanda hizi za kusini na rovu la shingo.

Mashauri yetu ni haya. Samaki wa chumvi alowekwe, na maji yamwagwe na kubadilishwa zaidi ya mara moja. Ndimu, kitunguu na pilipili zichukue nafasi ya nusu ya chumvi. Atakaye kupunguza mwili apunguze mafuta na sukari, atembee, na ajipime mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula. Kisha atazame mwezi mzima, asitazame siku mbili.

Na vidonge vya kukojoza visiliwe pasipo amri ya daktari. Havitoi hata chembe ya mafuta. Hutoa maji na potasiamu, na potasiamu ikipungua sana moyo huweza kupotoka mwendo wake. Tena, mtu akiona miguu imevimba hata kidole kikibonyeza huacha shimo, au mja mzito akivimba uso na mikono, akaumwa na kichwa na kuona ukungu, huo si unene wa kufungia chakula. Na apelekwe hospitali siku ile ile.

Jirani yetu vidonge hakuvinunua. Juzi ametuambia kuwa kwa miezi miwili amepungua kilo 3, polepole, na mizani haimtoi machozi tena. Twamwombea yeye na wasomaji wetu wote afya njema. Amin.