Wati za Kwenye Boksi na Wati za Kwenye Spika

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia ni ya mnunuzi wa amplifaya iliyoandikwa “wati 1,000 PMPO” ambayo haikidhi hata ukumbi mdogo. Mara nyingi chombo chenyewe ni kizima. Kilichomponza mnunuzi ni maandishi.

Katika hesabu za wabunifu, amplifaya huchukuliwa kuwa kamilifu: hukuza sauti kwa kiasi chochote, haipati joto, haina mvumo wala haiishiwi nguvu. Dhana hiyo hurahisisha hesabu, lakini haiuzwi dukani. Amplifaya halisi hufungwa na umeme inaopewa. Tuchukue ya gari, inayotumia volti 12 bila saketi ya ndani ya kupandisha volti. Hata transista zake zingekuwa kamilifu, na zikasukuma spika ya omu 4 kutoka pande zote mbili, nguvu safi ya mfululizo haitazidi wati 18. Nazo transista hubakiza volti kidogo, hivyo spika hupata pungufu ya hapo.

Ukilazimisha sauti ipande zaidi, vilele vya mawimbi yake hukatwa. Sauti hukwaruza, na spika ndogo za sauti nyembamba huweza kuungua. Fundi akikwambia spika “ilizidiwa”, huenda ni amplifaya iliyozidiwa kwanza.

PMPO hudai kupima kilele cha kitambo kifupi mno, tena bila kipimo kinachokubalika na wote. Kila mtengenezaji hujipimia. Kipimo cha kutegemewa ni nguvu ya mfululizo, ambayo huandikwa RMS. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitunga kanuni mwaka 1974 kuhusu namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, kwa sababu matangazo yalikuwa yakiwachanganya wanunuzi.

Kabla ya kulipa, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma au cha adapta. Volti 12 kwa ampea 2 ni wati 24. Hakuna amplifaya itakayotoa mfululizo zaidi ya inachopokea. Uliza pia wati hizo zilipimwa kwa omu ngapi na kwa upotoshaji wa asilimia ngapi, kwani chombo kilekile huonekana kuwa na nguvu zaidi kikipimwa kwa asilimia 10 kuliko asilimia 1. Mwombe muuzaji aandike wati za RMS kwenye risiti. Akikataa, usilipe.