Taa ya injini ikiwaka, pima waya kabla ya kununua kipuri

MSIMU wa mavuno unapowadia Saboti, hakuna kinachomkosesha mkulima usingizi kama gari linalokataa kupanda mlima likiwa na magunia. Pikapu ya dizeli iliyoondoka shambani alfajiri kuelekea maghala ya NCPB mjini Kitale hulegea ghafla njiani. Taa ya njano yenye umbo la injini huwaka kwenye dashibodi, na dereva akikanyaga mafuta, gari huunguruma tu bila kwenda. Huku nyuma mawingu ya Mlima Elgon yamekwisha kutanda, na mahindi hayajafunikwa.

Zamani makanika angefungua pampu na nozeli, asafishe chujio la dizeli, na safari iendelee. Siku hizi mambo yamebadilika. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) haliruhusu magari makuukuu yenye zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, na mengi ya magari hayo hutoka Japani, ambako sheria kali za moshi wa dizeli zilianza kutumika mwaka wa 2009. Kwa hivyo gari la dizeli linaloletwa leo kutoka huko, liwe Mazda CX-5 au Toyota Prado, huja na mitambo ya kusafisha moshi ambayo baba zetu hawakuijua.

Mitambo hiyo ni ipi? Kuna vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza gesi zenye sumu. Kuna chujio ndani ya bomba la moshi, linalonasa masizi na kuyachoma joto linapofika kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi. Baadhi ya magari, Prado ya mwaka wa 2015 na zilizofuata zikiwemo, yana pia tangi dogo la maji ya yurea yanayonyunyiziwa moshi.

Yote hayo husimamiwa na kompyuta ya injini, ambayo haina macho. Hutegemea sensa (si ile ya kuhesabu watu, bali vifaa vidogo vya kupima joto, hewa na shinikizo) zinazoipelekea habari kwa nyaya. Waya mmoja ukikatika, kompyuta hudhani chujio limeharibika, na ili kuilinda injini huipunguzia nguvu. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa anunue chujio jipya, kipuri ambacho bei yake inaweza kumeza karo ya muhula mzima, ilhali ugonjwa ulikuwa waya.

Adui wa waya Saboti

Mazingira ya huku yana maadui wake. Panya wa ghala la mahindi ndiye wa kwanza. Gari likilala karibu na ghala, injini yenye joto humfaa kwa malazi na nyaya humfaa kwa kutafuna. Wa pili ni matope ya barabara za vijijini, na ndugu yake ni yule kijana wa kuosha magari anayeelekeza maji ya kasi moja kwa moja kwenye injini. Maji yakiingia ndani ya soketi, vipini vyake hufanya kutu ya kijani.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe. Bodi ya gari inapochomelewa kwa stima bila kufungua nyaya za betri, kompyuta inaweza kuungua papo hapo. Vilevile kuna mazoea ya kuazima moto kutoka kwa lori. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, na pikapu yako hutumia 12. Ukiziunganisha hivyo, usishangae ukinunua kompyuta mpya.

Kupima hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kusoma msimbo wa hitilafu kwa kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani. Andika kila msimbo kabla ya kuufuta. Lakini, msomaji, msimbo si hukumu, ni shahidi tu. Tazama tofauti hii: P2002 husema kwamba chujio la masizi halifanyi kazi ipasavyo. P2454 husema kwamba stima katika mkondo wa sensa ya shinikizo la chujio hilo iko chini kuliko kawaida. Huo wa pili haulitaji chujio kuwa bovu hata kidogo, na bado kuna wanaouza chujio kwa sababu yake.

Hatua ya pili ni betri. Ikiwa imejaa na gari limezimwa, inapaswa kuonyesha karibu volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi, na injini ikinguruma iwe kati ya 13.5 na 14.7. Betri dhaifu huzusha misimbo ya uongo, wakati mwingine mitano kwa mpigo.

Hatua ya tatu ni waya wa athi, yaani ule unaounganisha injini na bodi na upande hasi wa betri. Weka ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye chuma cha injini huku injini ikinguruma na taa zote zikiwaka. Mita ikizidi volti 0.2, kuna kutu au nati iliyolegea. Isugue kwa msasa, uikaze. Kazi hiyo haihitaji kipuri chochote.

Sasa turudi kwa ile P2454. Sensa yake huwa na nyaya tatu: mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni wa athi, wa tatu hurudisha habari. Chomoa soketi, washa swichi bila kupiga stata, kisha pima. Volti 5 zikiwepo na athi ikiwa nzuri, kagua ule wa tatu hadi kwenye kompyuta. Ukiwa mzima pia, sasa unaweza kuishuku sensa yenyewe, pamoja na mipira yake miwili ambayo huyeyuka au kuziba.

Volti 5 zisipokuwepo, usikimbilie kulaani kompyuta. Mara nyingi sensa kadhaa hugawana volti hizo. Moja ikiwa imeungua ndani, au waya wake ukigusa chuma, huziangusha zote. Chomoa sensa hizo moja baada ya nyingine huku ukitazama mita. Ile ambayo volti 5 zitarudi ukiichomoa, hiyo ndiyo yenye kesi. Zisiporudi, fuata nyaya kwa mkono na tochi, hasa zinapopita karibu na bomba la moshi au kwenye kona za chuma.

Tahadhari moja kwa vijana wanaosomea ufundi: usitumie taa ya majaribio yenye balbu kwenye nyaya za kompyuta, kwani huvuta stima nyingi kuliko zinavyoweza kubeba. Tumia mita.

Kung'oa si kutibu

Makanika wengine, wa Kitale, Bungoma na kwingineko, hushauri chujio lipasuliwe litolewe matumbo, na kompyuta idanganywe. Taa huzimika, naam, lakini moshi haudanganyiki. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta kwanza ni watoto wanaongoja matatu kando ya barabara. Isitoshe, kisingizio cha dizeli chafu kimepungua nguvu: tangu Januari 2015 Kenya na jirani zake za Afrika Mashariki zilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kiwango ambacho chujio hustahimili.

Chujio nalo lina haki yake. Gari linalopeleka watoto shule na kurudi tu halipati joto la kuchoma masizi. Lipe safari ya mwendo thabiti wa dakika 20 hivi mara kwa mara, labda kwenye barabara ya Kiminini kuelekea Webuye. Likiwa linachoma, usiliegeshe juu ya mabua makavu ya mahindi, kwani joto la bomba linaweza kuyawasha.

Basi taa ya njano ikiwaka, mwulize fundi wako swali moja kabla hujatoa pesa: umepima nini, na mita imesema nini? Akikosa jibu, peleka gari kwa mwingine.