Gia za klachi mbili: Mfanyabiashara mdogo apige hesabu kwanza

Wafanyabiashara wadogo wa magari ya mtumba, wakiwamo wa Kiwalani na maeneo mengine jirani na Barabara ya Nyerere, wanashauriwa kuchunguza aina ya giaboksi kabla ya kuagiza gari dogo la kispoti kutoka Japani. Bei ya kununulia yaweza kuvutia, lakini faida yote ikamezwa na kifaa kimoja kisichoonekani kwenye picha.

Kifaa hicho ni giaboksi ya klachi mbili. Klachi moja huhudumia gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine huhudumia ya pili, ya nne na ya sita. Gari likiwa katika gia ya pili, ya tatu huwa imekwisha andaliwa. Klachi moja huachia, nyingine hushika, na nguvu ya injini haikatiki. Dereva hana pedali ya klachi. Volkswagen iliiingiza katika Golf R32 mwaka 2003, na baadaye ikaenea hadi kwenye magari ya bei nafuu.

Kwa mnunuzi wa gari jipya faida ni dhahiri: gia hubadilika haraka na mafuta hutumika vizuri. Suala ni nani atakayelibeba gari hilo likishatimiza miaka kumi.

Adui mkubwa ni foleni. Otomatiki ya kawaida hupitisha nguvu kwa njia ya mafuta wakati gari linapotambaa. Klachi mbili, hasa zile kavu zisizooga mafuta, husuguana na kupata joto kila gari linaposogea hatua chache.

Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita gereji magari 384,181 nchini China kwa matatizo ya giaboksi hizo. Novemba mwaka huohuo ilitangaza kubadili mafuta ya giaboksi ya gia saba katika magari milioni 1.6 duniani, kwa kuwa mafuta yaliyokuwamo yangeweza kuleta hitilafu ya umeme penye joto, unyevu na foleni za kusimama na kuondoka. Hali hizo tatu mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kusimuliwa.

Honda nayo iliitoa Fit Hybrid yenye klachi mbili Septemba 2013, ikalazimika kuyaita magari hayo zaidi ya mara moja kurekebisha mfumo wa giaboksi. Fit ya mwaka 2020 haina tena klachi hizo. Magari ya toleo la awali ndiyo yaliyoingia katika soko la mtumba.

Aidha, watengenezaji wa magari ya kispoti ya bei nafuu hawajakubaliana. Polo GTI ya mwaka 2010 iliuzwa kwa klachi mbili pekee, lakini toleo la 2015 likarudisha manyuo. Suzuki Swift Sport ya mwaka 2017, Mazda MX-5 na Toyota GR86 zilitoka na manyuo au otomatiki ya kawaida. Toyota ilipoiongezea GR Yaris otomatiki mwaka 2024, ilichagua ya kawaida yenye gia nane. Hyundai ilikwenda njia nyingine, ikaiwekea i30 N klachi mbili zinazooga mafuta.

Kwa muuzaji wa Kiwalani, tofauti iko gereji. Diski ya klachi ya manyuo hubadilishwa na fundi wa mtaani, na vipuri hutafutwa Gerezani au Kariakoo. Klachi mbili huhitaji vifaa maalumu vya kufungia na kompyuta ya kuirekebisha upya baada ya kazi. Mafundi wa namna hiyo ni wachache, na gharama hufuata uchache huo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari limegharimu Sh. 18,000,000/= pamoja na ushuru, na linatarajiwa kuuzwa Sh. 20,000,000/=. Giaboksi ikidai Sh. 3,000,000/=, faida ya milioni mbili inageuka hasara ya milioni moja, achilia mbali mtaji uliolala wakati gari liko juu ya mawe.

Anayeamua kuagiza na ahakikishe kwa namba ya chesisi kuwa marekebisho ya kiwanda yalifanyika. Gari likifika, lijaribiwe mlimani na kwa mwendo wa kutambaa, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Likitetemeka au kusita, bei ishuke au biashara iachwe. Mafuta ya giaboksi yawe yale yaliyoagizwa na kiwanda, si yoyote ya otomatiki.

Klachi mbili si teknolojia mbaya. Ila kwa mwenye mtaji wa gari moja kwa wakati, manyuo na otomatiki ya kawaida bado ni bidhaa salama zaidi.