Kabla ya Kununua Betri ya Boti, Piga Hesabu ya Usiku Mmoja

Ukiingia katika duka la sola mjini Embu, au kule Makutano mjini Meru, useme unatafuta umeme wa boti, utaulizwa kwanza unataka betri ya ngapi. Hilo ndilo swali la mwisho. La kwanza ni hili: ukiwa majini usiku mmoja, utawasha nini, na kwa saa ngapi? Asiyekuwa na jibu huuziwa kilichopo dukani, na kilichopo dukani mara nyingi kilitengenezewa nyumba au gari.

Msomaji wa Mombasa huenda akashangaa kusikia habari za boti Embu. Mbeere, sehemu ya kaunti ya Embu, ni nchi kavu, ya ndengu na mtama, lakini kusini imepakana na Mto Tana, na mto huo umezuiwa kwa mabwawa matano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mitambo ya mabwawa hayo yote ina uwezo wa takriban megawati 600. Juu ya maji hayohayo wavuvi wa Makima na Kiambere hutega nyavu za tilapia na kambare kwa boti za mbao, na katika hifadhi ya Mwea, kando ya bwawa la Kamburu, wageni hupandishwa boti kwenda kuwatazama viboko. Meru haina bwawa la namna hiyo. Samaki wake wengi ni wa vidimbwi, hasa tangu serikali ilipovichimba kwa wingi kupitia mpango wa kufufua uchumi wa mwaka 2009. Hata hivyo, anayetaka kuweka taa ya mlinzi na pampu ndogo ya hewa kwenye kidimbwi anaweza kutumia hesabu nitakayoieleza hapa bila kubadilisha chochote isipokuwa tarakimu.

Tuchukue boti ya mita sita, yenye watu wawili, wanaotega nyavu jioni na kuzivuta alfajiri. Wana taa mbili za LED za wati 5 kila moja, zinazowaka saa nne: hizo ni wati-saa 40. Simu mbili, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, zinakula kama wati-saa 50. Kifaa kidogo cha sona cha kupima kina hutumia kama wati 4. Kikiwashwa saa sita ni wati-saa 24. Pampu ya kutoa maji ya ngama huvuta wati 36, lakini hufanya kazi robo saa tu, basi ni wati-saa 9. Jumla ni 123. Ongeza kidogo kwa ajili ya hasara na usiku utakaorefuka, upate 150. Tarakimu hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani.

Sasa ndipo tuitazame betri. Nguvu iliyoandikwa ubavuni kwa ampea-saa huzidishwa kwa volti. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 26 ina wati-saa 312, lakini betri ya risasi inayomalizwa zaidi ya nusu kila siku haiishi muda mrefu. Kwa hiyo unayoweza kutumia ni 156 tu, na hapo umefika ukingoni. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, inayoandikwa LiFePO4, ya volti 12.8 na ampea-saa 20 ina wati-saa 256, na asilimia 80 ya hizo, yaani zaidi ya 200, unazitumia bila kuiumiza. Ile ya risasi ina uzito wa kilo nane au tisa. Hii ya pili haifiki kilo nne. Bei ya lithiamu ni kubwa zaidi siku ya kununua, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Mimi naipendekeza kwa boti bila kusita, na sababu yangu kubwa ni uzito.

Nani atakayeacha betri na paneli usiku kucha katika boti iliyofungwa ufukweni Masinga na kuzikuta asubuhi? Vitabu vya ufundi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hufundisha kuifunga paneli juu ya boti na betri chini ya kiti kwa skrubu. Hapa kwetu paneli ikae juu ya paa la nyumba, na betri ibebwe. Nunua sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, weka ndani betri, fyuzi, swichi na tundu la USB, utoe waya mmoja wenye plagi ya kuchomeka taa. Jioni unashuka nalo majini, asubuhi unapanda nalo kilima hadi nyumbani kuchaji. Kilo nne zinabebeka kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa na samaki. Betri kubwa ya gari haibebeki hivyo.

Nimeitaja betri ya gari, na lazima niiseme vizuri, kwa sababu iliyochoka ya Probox ndiyo inayouzwa kwa bei ya kutupa na kumalizikia kwenye boti. Betri hiyo imeundwa itoe umeme mwingi sana kwa sekunde chache, gari liwake, kisha ijazwe mara moja na injini. Bamba zake za ndani ni nyembamba. Ukiifanyisha kazi ya kuwasha taa polepole hadi iishe, usiku baada ya usiku, miezi michache inatosha kuiua. Tena ikipinduka humwaga asidi, na boti ya mbao hupinduka.

Paneli ni rahisi. Wati-saa 150 zigawanye kwa saa nne za jua lenye nguvu, kisha ugawanye tena kwa 0.7 kufidia joto, vumbi na hasara za njiani. Unapata wati 54, basi nunua ya 60. Kuna watakaoniambia kwamba jua la Mbeere ni zaidi ya saa nne. Ni kweli, mwezi wa Februari. Julai mawingu ya baridi hushuka kutoka Mlima Kenya na kukaa siku nzima, na mvuvi hali samaki wa Februari mwezi wa Julai. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo usisumbuke na mwelekeo wa paneli. Iinamishe kidogo tu ili mvua iioshe. Kidhibiti chaji, kinachokaa kati ya paneli na betri, kiwe na mpangilio wa lithiamu ikiwa betri ni ya lithiamu. Muuzaji akikwambia kidhibiti chochote kinafaa, nenda duka la pili.

Betri za uongo zipo, na njia moja ya kuzitambua ni mizani. Betri ya LiFePO4 ya ampea-saa 20 ikiwa na uzito wa kilo moja, ndani hamna kilichoandikwa nje. Mafundi wa sola nchini hupewa leseni na mamlaka ya nishati, EPRA, kwa madaraja ya T1, T2 na T3, na hakuna ubaya kumwomba fundi akuonyeshe yake.

Kitu ninachokiona kikipuuzwa kuliko vyote ni waya, na hapo ndipo moto huanzia. Volti 12 haimrushi mtu, basi watu huidharau. Lakini umeme wa volti ndogo huhitaji ampea nyingi kufanya kazi ileile, na ampea ndizo zinazopasha waya joto. Taa zetu mbili huvuta chini ya ampea moja. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, unazitosha kabisa. Sasa mtu anunue mota ya umeme inayovuta ampea 50, aiunganishe kwa waya huohuo wa 1.5 mita tatu kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda mita tatu na kurudi mita tatu. Njiani zinapotea volti zaidi ya tatu na nusu: mota inapata volti nane na kitu, inazunguka kwa uvivu, na waya wenyewe unageuka kuwa jiko la wati 180 lililolazwa juu ya mbao zilizopakwa lami. Waya wa milimita mraba 16 katika kazi hiyohiyo hupoteza takriban theluthi ya volti moja. Uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu boti hutikisika na waya wa uzi mmoja mnene hukatika ndani bila kuonekana nje. Ukwangue ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa.

Fyuzi nayo hukaa karibu na ncha chanya ya betri, si karibu na taa. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukikwaruzwa na nanga au ukibanwa na kasia, sehemu zote zilizo kati ya betri na fyuzi hazina mlinzi, na betri ndogo tu ya volti 12 inaweza kusukuma mamia ya ampea kwenye waya zilizogusana. Kwa waya wa 1.5 weka fyuzi ya ampea 10. Ikiungua, tafuta sababu. Kuizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni kuuondoa ulinzi wote.

Katika jambo moja wavuvi wa Tana wana bahati kuliko wenzao wa Lamu: maji yao hayana chumvi. Waya wa shaba uliopakwa bati, ambao baharini ni lazima, hapa si lazima, na pesa hiyo itumike kwenye viungio vizuri. Lakini maji ni maji. Taa iwe na alama ya IP67, yaani inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa bila kuingiwa na maji. Rangi ya manjano huvutia wadudu wachache kuliko nyeupe, na yeyote aliyewahi kukaa bwawani usiku baada ya mvua atanielewa.

Kuhusu vifaa vya mawasiliano, usinunue redio ya VHF kwa ajili ya Masinga. Pwani redio hiyo huokoa watu, kwa sababu kwenye chaneli 16 kuna anayesikiliza. Bwawani utaita peke yako. Simu yako, ikiwa imejaa chaji na imo ndani ya mfuko usioingia maji unaovaliwa shingoni, ina faida zaidi, pamoja na namba ya mwenzako wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, aliyebaki nchi kavu.

Sona ni habari nyingine. Mvuvi wa nyavu haihitaji kwa kutafuta samaki, anajua wanakolala. Faida yake Masinga ni kina. Bwawa hilo likijaa huenea kilomita za mraba 120 hivi, lakini kiwango chake hubadilika sana: mwaka 2009 maji yalipungua hadi mtambo ukazimwa, na mwaka 2024 likafurika. Visiki na kingo za mchanga ambazo mwaka jana zilikuwa mbali chini ya boti, mwaka huu zinagusa rafadha. Mwenye boti ya wageni aifikirie. Mwenye makasia aiache.

Tena mwenye makasia, nimwambie wazi, hahitaji sehemu kubwa ya haya niliyoyaandika. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 ina wati-saa 74. Inachaji simu mara mbili na kujaza tochi ya kichwani. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini za mwaka 1972, ingawa hazikuandikiwa mabwawa, hukubali boti ya makasia iwe na tochi tu, mradi imo mkononi na iwashwe mapema. Boti ndogo ya injini iliyo chini ya mita saba na isiyozidi noti saba hutakiwa angalau taa nyeupe inayoonekana pande zote. Hicho ni kipimo kizuri hata Kamburu.

Imebaki mota ya umeme, ambayo vijana wengi huniulizia. Ile ndogo ya ampea 50 hutumia wati 600. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 huiendesha saa mbili hivi kwa nguvu zote, na boti huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Injini ya petroli ya nguvu-farasi 15 ni sawa na wati 11,000, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba moja inachukua nafasi ya nyingine. Katika Ziwa Victoria zipo kampuni zinazokodisha mota kubwa za umeme pamoja na betri zilizochajiwa, na mpango huo una akili kwa sababu mvuvi habebi gharama ya betri. Mabwawa yetu hayajafikia hapo. Mota ndogo inafaa Kamburu, safari fupi, maji tulivu ya asubuhi. Masinga alasiri, upepo ukishaanza, haitakurudisha ufukweni. Na kumbuka kwamba mota isiyo na kelele haimtahadharishi kiboko kwamba unakuja.

Ukiwa na bajeti ndogo, nunua kwa mpangilio huu: jaketi za kuokoa maisha kwa kila aliyemo botini, tochi na pawabenki, kisha sanduku la betri lenye fyuzi na taa, halafu paneli ya nyumbani. Sona na mota zingoje msimu mzuri wa samaki. Boti isiyokuwa na jaketi haistahili kununuliwa kifaa chochote cha umeme.