Simu ikikwambia ufomati kadi, ngoja kwanza

Umefungua picha, zote zimegeuka visanduku vya kijivu. Kisha simu inakwambia memori kadi imeharibika, uifomati. Hapo usibonyeze kitu.

Zima simu, toa kadi, ipanguse ile sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe. Mara nyingine ni vumbi tu. Ikigoma, ijaribu kwenye simu nyingine, ama itie kwenye adapta uende nayo saiba. Kompyuta ikiisoma, nakili kila kitu saa hiyo hiyo.

Isipofungua faili, bado kuna njia. PhotoRec ni programu ya bure, na huchimbua picha hata kama orodha ya faili imevurugika. Lakini zihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye kadi hiyo, maana chochote kipya kinaweza kukalia picha za zamani. Kwa hivyo selfi pia ziache kwanza.

Na kama kadi ni mpya? Shuku feki. Ukiuziwa GB 512 kwa shilingi 500, jiulize. Ndani huwa na nafasi kidogo, ila imepangwa kuidanganya simu. Itameza picha fresh hadi nafasi ya kweli iishe, halafu zinazofuata hazifunguki. H2testw, pia ya bure, huijaza kadi yote kisha kuisoma upya. Ipime siku ile unanunua, ikiwa bado tupu na risiti iko mfukoni.

Ile inayokataa kufuta na kuongeza faili, hiyo imechoka, imejifunga isomwe tu. Toa picha za shosho leo, kesho huenda isisomeke kabisa.