Tuliuza Gari la Tawi Bila Kumficha Mnunuzi Kitu



Sisi wa tawi la mashamba ya chai upande wa Kyenjojo, magharibi ya Uganda, tumeombwa na matawi mawili jirani tueleze jinsi tulivyouza gari la chama mwaka 2023. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu katika mashamba yetu wachuma chai wametoka Toro, Kigezi, Kongo na Rwanda, na pia kwa sababu ndugu zetu wa nchi jirani wana magari kama hili na matatizo kama haya. Tutaeleza yaliyokwenda vizuri, na tutaeleza pia kosa letu wenyewe, maana kosa hilo ndilo lililotufunza zaidi.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 504, saluni ya milango minne, ya mwaka 1981. Vijana wetu wengi hawakuliona gari hili siku zake za nguvu. Pijo 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na saluni zake zikaendelea kutoka huko mpaka 1983. Lakini Afrika haikungoja magari ya meli peke yake. Kule Kaduna, Nigeria, kiwanda cha Pijo kilifunguliwa mwaka 1975, na hapa kwetu Afrika Mashariki nyingine ziliunganishwa Mombasa kwa mikono ya wafanyakazi kama sisi. Mwaka huo huo wa 1975 dereva Ove Andersson alishinda mbio za Safari kwa gari la 504. Watu walilipenda kwa kuwa liko juu, springi zake ni ndefu na laini, nalo hupita kwenye mashimo bila kuwavunja abiria migongo. Mafundi walilipenda kwa sababu slivu za silinda zake huchomolewa na kuwekwa mpya, hivyo injini iliyochoka haina haja ya kupelekwa mbali kuchongwa.

Tawi letu lililinunua mwaka 2003 kwa mwalimu mstaafu. Kila mwanachama alikatwa kidogo kidogo kwa miezi kumi. Tangu siku hiyo gari lile lilifanya kazi ya chama na kazi ya jamii pia. Lilipeleka wajumbe kwenye mazungumzo ya mishahara. Lilimpeleka hospitali Fort Portal kijana aliyekatwa vidole na mashine ya kukata majani. Lilibeba akina mama usiku, na mara nne lilibeba maiti ya mwenzetu kumrudisha kwao. Kwa hiyo basi, mtu aliposema "gari la tawi," hakuwa anasema juu ya bati na magurudumu tu.

Mabadiliko tuliyoyafanya

Mwaka 2009 injini ya petroli ilikuwa imechoka, na petroli ilikuwa inatushinda. Fundi wetu wa kiwandani, mwanachama wa miaka mingi, alishauri tuweke injini ya dizeli ya sentimita za ujazo 2304, iliyotoka kwenye pikapu ya 504 iliyopinduka. Tulikubali. Kazi hiyo aliifanya kwa Jumapili sita, akisaidiwa na vijana wawili wa karakana.

Yafaa ieleweke kwamba kubadilisha injini si kutoa moja na kutia nyingine tu. Injini ya dizeli ni nzito zaidi, kwa hiyo tuliweka springi ngumu zaidi mbele. Injini ya petroli hujivutia hewa inayosaidia breki, lakini ya dizeli haiwezi, hivyo ilibidi kuweka pampu ndogo ya kuvuta hewa hiyo. Pampu hiyo ikifa, breki hazipotei, ila kanyagio huwa gumu, na dereva asiyejua anaweza kufa. Tuliweka pia rejeta kubwa zaidi, na bamba la chuma chini ya injini, lililochongwa na mafundi wa Katwe, Kampala. Baada ya hayo gari halikuwa na mbio kama zamani, lakini lilipanda milima polepole na bila malalamiko, na dizeli yake ilikuwa kidogo.

Fundi wetu aliandika kila kitu katika daftari la shule: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei yake, na jina la duka. Oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000. Vipuri vya zamani ambavyo bado vilifaa alivitia katika gunia na kulining'iniza stoo. Wakati ule baadhi yetu tulimcheka. Baadaye daftari lile lilitusaidia kuliko rangi mpya.

Kwa nini tuliuza

Mwanzoni mwa 2023 mkutano mkuu wa tawi uliamua gari liuzwe, na fedha zinunue pikipiki mbili. Spea za Pijo zilikuwa zimeadimika hata katika soko la Kisekka, Kampala, ambako mtu hutafuta kipuri cha kila aina. Tena mashamba yametawanyika, na katibu mmoja katika gari moja hawezi kufika kote.

Dalali mmoja wa mjini alipata habari akaja. Alilitazama gari, akasema, "Hili nitawauzia kwa shilingi milioni saba na nusu. Mlipige rangi, mlioshe injini kwa mafuta ya taa ing'ae, na habari ya injini kubadilishwa msiitaje. Nani atalala chini kusoma namba?"

Hapo kamati iligawanyika. Mweka hazina alisema fedha ni za wanachama, na kamati haina haki ya kupoteza hata shilingi moja yao kwa ajili ya kumhurumia mtu baki. Neno lake lilikuwa na uzito, maana yeye ndiye anayesimama mbele ya wanachama na hesabu. Wengine walijibu kwamba anayenunua gari la zamani kama lile si tajiri. Tajiri hununua jingine. Atakayekuja ni mfanyakazi mwenzetu, na huenda fedha zake ni kiinua mgongo. Je, chama kinachopigana na mwajiri anayeficha mizani ya majani ya chai kinaweza kuficha namba ya injini?

Hatukupiga kura usiku ule. Tulimwambia katibu alete kwanza kitabu cha gari tukisome.

Kosa letu

Kitabu kilipofunguliwa, tulinyamaza wote. Namba ya injini iliyoandikwa ilikuwa ile ya petroli, na mafuta yaliyoandikwa ni petroli. Kwa miaka 14 tulikuwa tukiendesha gari ambalo kitabu chake hakilijui. Na zaidi ya hayo, jina la mwenye gari bado lilikuwa la yule mwalimu. Kamati ya 2003 ililipa, ikapewa ufunguo na kitabu, ikashukuru. Haikuhamisha umiliki. Na mwalimu alikuwa amefariki.

Ndugu, fikirini maana yake. Faini na kesi humfuata yule aliyeandikwa. Kama gari lingemgonga mtu, polisi wangekwenda kwa mjane. Na kama watoto wa marehemu wangekuwa watu wa tamaa, wangeweza kutudai gari, nasi tusingekuwa na karatasi ya kuwajibu isipokuwa risiti moja iliyofifia.

Mwenyekiti na katibu walikwenda kwa mjane. Bahati yetu, watoto walikuwa wamekwisha kupewa na mahakama barua za kusimamia mirathi, la sivyo tungengoja miezi mingi. Mama yule alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, mzee alikuwa akisema mtakuja. Aliwangoja." Watoto wake walitia saini. Hawakudai chochote. Mama aliomba tu kukaa kidogo kwenye kiti cha mbele, alipokuwa akikaa zamani wakienda kanisani. Alikaa, akagusa dirisha, akashuka.

Baada ya hapo tulipeleka gari likaguliwe, na namba ya injini na aina ya mafuta zikaandikwa upya. Ofisi ilitusumbua; tulirudi mara tano. Ada na nauli zilifika shilingi 380,000. Mweka hazina mwenyewe, aliyekuwa akitaka tunyamaze, ndiye aliyesema zilipwe. Alisema sasa ameona kwamba siri ile ingekuwa deni juu ya chama.

Kuweka bei

Wanachama wengine walitaka tujumlishe kila kilichotumika tangu 2003. Hilo haliwezekani. Mnunuzi hanunui matumizi yako, ananunua gari lililo mbele yake leo. Mabadiliko mengine hayaongezi bei hata kidogo. Kwa mtu anayependa 504 ya asili, injini ya dizeli hupunguza bei. Kwa mtu wa kazi, huiongeza. Kwa hiyo tuliuliza bei za 504 nyingine tatu, tukaona hali zake, tukaweka yetu shilingi 6,500,000, tukijua tutashuka.

Tangazo tulilibandika ofisini, kwenye lango la kiwanda na sokoni. Liliandikwa hivi: Pijo 504 saluni ya 1981, injini imebadilishwa kuwa dizeli mwaka 2009 na imeandikishwa, springi za mbele ngumu, rejeta kubwa, daftari la matengenezo lipo, gia ya tatu ina kasoro.

Mnunuzi alikuwa mchochea moto wa boila katika kiwanda cha chai, mwenye miaka 55 wakati huo, aliyekuwa karibu kustaafu. Alitaka gari la kukodisha kwa safari za harusi na hospitali. Alikuja mara ya kwanza peke yake. Tulimwambia, "Mzee, rudi na fundi wako, si wetu. Na uje asubuhi kabla hatujaliwasha."

Tunalirudia hili kwa sababu wauzaji wengi huwasha injini mapema ili iwe moto mnunuzi anapofika. Injini ya dizeli yenye ugonjwa huonekana ikiwa baridi: huchelewa kuwaka, hutetemeka, hutoa moshi mweupe mwingi. Fundi wake aligusa injini kwa mkono kuona kama ni baridi. Ikawaka kwa mara ya pili. Alisoma namba ya injini kwa tochi akailinganisha na kitabu. Kisha walipakia watu watano wakapanda mlima. Gia ya tatu iliruka mara mbili kama tulivyosema. Walitazama rejeta kama inachemka, wakakanyaga breki injini ikiwa inawaka, na tena ikiwa imezimwa, ili mzee aone mwenyewe tofauti ya kanyagio.

Walikaa chini ya mti na daftari kwa saa nzima. Mwishowe mzee alisema, "Kasoro mmeniambia wenyewe. Sina sababu ya kuwatukana kwa bei." Tulikubaliana shilingi 5,600,000, pamoja na lile gunia la vipuri.

Mkataba uliandikwa nakala tatu, ukasomwa kwa sauti katika lugha anayoielewa mzee, ukatiwa saini mbele ya mashahidi wawili wa kila upande. Fedha zililipwa benki, si mkononi. Fomu za kuhamisha umiliki zilitiwa saini siku ile ile, na katibu hakutoa ufunguo wa pili mpaka jina la mzee lilipoingia.

Ukitoa zile 380,000, tawi lilibaki na shilingi 5,220,000. Dalali alikuwa ametuahidi milioni saba na nusu. Tofauti hiyo tuliisoma mbele ya mkutano mkuu bila kuificha, na wanachama wachache walinung'unika. Ni haki yao. Ila baada ya miezi miwili mzee alikuja ofisini. Tulidhani amekuja kugombana. Alisema kanyagio la breki lilikuwa gumu akiteremka kuelekea Fort Portal na abiria wanne. Alikumbuka maneno ya pampu, akakanyaga kwa nguvu, akashusha gia, akasimama salama. Alikuwa anaulizia tu fundi wetu anapatikana wapi.

Yule aliyenung'unika zaidi alikuwapo ofisini siku hiyo. Ndiye aliyempeleka mzee kwa fundi.

Kwa hiyo ndugu zetu wa matawi mengine, kabla hamjauza, fungueni kitabu cha gari leo. Tazameni jina la nani limo, na namba ya injini ni ipi. Kama si sawa, sahihisheni sasa, wakati waliowauzia wangali hai. Wekeni daftari. Na anayekuja kununua, mwambieni yote, maana anayenunua gari la mfanyakazi ni mfanyakazi.

Umoja ni nguvu.